Maharamia wa Busawe

Tulipokwisha kumzika mjomba Marwa, watu wakakaa makundi makundi uani wakisubiri chakula, nami nikazunguka nyuma ya jiko kutafuta maji ya kunawa. Nikamkuta binti mdogo wa binamu yangu Matiko ameegemea ukuta, simu mkononi. Machozi ya kumlilia babu yake yalikuwa hayajakauka vizuri mashavuni, na bado alikuwa anatabasamu. Nikamuuliza anasoma nini siku kama hii. Akashtuka, akaificha simu kwenye khanga, halafu akaitoa mwenyewe maana ananijua, nisingeacha kuuliza. "Ni hadithi, shangazi. Za maharamia." Maharamia wepi? "Wa zamani, wa baharini. Wafalme ni wa kweli na vita ni vya kweli, ila kuna na uchawi ndani." Nikamwomba anionyeshe. Kwenye jalada alisimama mwanamume mwenye koti refu na upanga, juu ya meli inayopita hewani badala ya majini, na nyuma yake mji unawaka moto. Nikamuuliza ule mji ni wa nani. Akaniangalia kwa huruma, kama nimeuliza jina la mbuzi wa jirani. "Sijui, shangazi. Hawajasema."

Hapo ndipo ninapoanza kushuku. Mimi ni mtu wa kushuku, nilizaliwa hivyo na sidhani kama nitapona. Nyumbani kwangu Nyamisangura muuza nyanya akiniongezea moja ya bure, ninaigeuza kwanza niione tako. Lakini hivi vitabu nimevishuku kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na nimewauliza wanaovisoma wanapenda nini humo. Wananijibu vizuri tu. Wanasema haramia hana bosi. Wanasema nahodha anachaguliwa na wenzake, nyara zinagawanywa sawasawa, bahari haina mpaka wala askari wa kukuuliza kitambulisho kama pale Sirari, na uchawi unampa mnyonge nguvu ambayo kwenye historia ya kweli hakuipata. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa sababu nami niliyapenda. Humo ndani mwizi ana jina, ana jina la utani, ana wimbo, ana mama aliyekufa akimlilia. Aliyeibiwa ana meli tu. Nimeuliza watu wengi kwa nini iko hivyo na hakuna aliyenijibu, kwa hiyo narudi kwenye mwaka mmoja nilioishi Busawe nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, maana huko niliona haramia akisomwa mbele ya watu walioibiwa kweli.

Sababu za mimi kupelekwa kwa mjomba Marwa sizielezi hapa; kila familia ina za kwake. Ninachokumbuka ni jiko. Lilikuwa limejengwa mbali kidogo na nyumba, la udongo, na ndani yake palikuwa na mafiga, mtungi wa maji, kitanda cha kamba cha vyombo, na harufu ya maziwa mgando ambayo ilikuwa haitoki hata tukifagia vipi. Nyumba kubwa ilikuwa na viti vya vitambaa na kalenda ya zamani, lakini hakuna aliyekaa huko ila wageni. Tulikula jikoni mimi na mke wa mjomba, ugali wa mtama na mlenda, siku nyingine dagaa, na mwanawe Matiko alikuja kukaa nasi ingawa alishakuwa kijana wa kunyoa ndevu na wenzake walimcheka. Alikuja kwa sababu ya mwanga wa moto. Alikuwa amenunua kitabu mnadani Mugumu, kwa mtu wa mitumba aliyekivuta kutoka katikati ya mashati, kitabu kinene cha Kiingereza kisicho na jalada, na kila jioni kabla ya kula alitusomea. Alikisoma kwa Kiswahili moja kwa moja, macho kwenye ukurasa, na mambo yalipochacha aliingia kwenye Kikurya bila kujua.

Kilikuwa kitabu cha nahodha mmoja aliyeuzwa akiwa mtoto kwenye visiwa vya miwa, akamnyang'anya bwana wake meli, na bibi kizee wa majini akampa kibuyu chenye ukungu ndani. Nahodha akikifungua, bahari yote inafunikwa, na wenye meli za mfalme hawaoni hata pua zao. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona bahari. Hata hivyo nilimngoja Matiko kila jioni nikiwa na hamu mpaka naunguza mboga, na mke wa mjomba, ambaye hakupenda upuuzi, alianza kupika mapema. Lakini nilikuwa na maswali. "Wazungu nao wana vibuyu?" nilimuuliza siku moja. "Nafasiri, Ghati," akasema. "Nikisema chupa hamtaona kitu." Siku nyingine maharamia walikula ugali wa mtama. Nikamuuliza tena. "Njaa ni njaa," akasema, akafungua ukurasa mwingine. Niliona pia kwamba alifungua kurasa haraka mno kwa mtu anayesoma, na mara nyingine alichelewa mno, lakini hadithi ilikuwa tamu, nami nikameza maswali yangu pamoja na ugali.

Mjomba hakuwa mtu wa hadithi. Alikuwa mrefu, msafi, mwenye sauti ndogo, na kwenye ritongo, ule mkutano wa kijiji ambapo wezi hutajwa mbele ya watu, alikaa na wazee waamuzi. Mwanaume wa heshima hakai jikoni, kwa hiyo mwanzoni alipita tu uani akikohoa. Kisha akaleta kigoda chake akakiweka kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akasema anaota moto. Baada ya siku chache alikuwa anacheka kuliko sisi, na akamwita yule nahodha "mura," kama anavyomwita kijana wa kwetu. "Huyu mura ana akili," alisema. "Ila anaongea sana. Mtu wa kazi hii haongei." Nilicheka. Siku hizo nilijua, kama watoto wote wa Mara wanavyojua, kwamba wazee wetu wengi walikuwa wakienda kuchukua ng'ombe wa watu wa mbali na kurudi wakiimbwa kwa litungu, ala yetu ya nyuzi, na kwamba mambo hayo yameisha, au yanasemwa kuwa yameisha. Hilo nalo halikunishtua. Mwizi akiwa mbali anaimbwa, akiwa karibu anapigiwa yowe.

Mwaka huo Matiko alitaka kuoa. Msichana aliitwa Bhoke, kwao ni upande wa Manchira, na walipendana kweli, si mambo ya kupangiwa. Mjomba alikwenda kuposa akatuchukua mimi na Matiko. Wazee walipokuwa ndani wakizungumza mahari, Matiko, Bhoke na mimi tulitembea hadi kwenye bwawa. Yalikuwa maji mengi kuliko yote niliyowahi kuona, na Matiko akasimama ukingoni akamwonyesha Bhoke mahali ambapo meli ingeingilia, ingegeukia wapi, na kijiji gani kingevamiwa kwanza. "Si ndiyo kwetu hicho?" Bhoke aliuliza. Matiko akasema watakiruka hicho, watavamia cha mbele yake. Wakacheka, nami nikacheka. Tuliporudi mjomba alikuwa ameshatoka, amesimama peke yake kwenye jua, na njia nzima akatutangulia. Baba yake Bhoke alikuwa ametaja ng'ombe wengi kuliko waliokuwa kwenye zizi letu, wengi mno, na akasema kuna mtu wa Issenye amekwisha kuuliza.

Tangu hapo mjomba alisikiliza kitabu kwa namna nyingine. Hakucheka tena. Aliacha kumuuliza Matiko nahodha amesema nini, akawa anauliza alifanyaje. Walinzi walikuwa wapi? Upepo ulitoka wapi? Jioni moja ya ukungu, mvua zikiwa zinaishia, Matiko alisoma jinsi maharamia walivyoteka meli tatu za tajiri mmoja alfajiri. Nahodha alifungua kibuyu, akaagiza kengele ya meli ya mbele ifungwe kwa nguo isilie, kisha meli zote zikapandishwa mtoni kinyume na maji ili asiwepo wa kuzifuata. "Kesho alfajiri," alisoma kwa Kikurya, kwa sauti nzito, "na atakayepiga kelele, kisu." Hapo mama Nyangi, jirani yetu, akabisha hodi kuomba kaa la moto. Mke wa mjomba akampa. Alipokwisha kuondoka, mjomba akatikisa kichwa. "Nguo haifai," alisema taratibu. "Inaloa na umande, inateleza, kengele inalia. Majani. Unasokota majani mabichi unashindilia ndani." Matiko akasema kitabu kinasema nguo. "Basi aliyekiandika hajawahi kufanya kazi hiyo," mjomba akasema, akainuka na kigoda chake.

Hazikupita siku nyingi, yowe likapigwa kwa mama Nyangi alfajiri, kabla ya kukamua. Zizi lilikuwa tupu. Ukungu ulikuwa umelala hadi magotini, na dume lao la kuongoza, lenye kengele iliyosikika mpaka kwetu kila asubuhi, lilikuwa limeondoka bila kulia. Wanaume wakafuata nyayo. Kwetu sheria ya nyayo inaeleweka na kila mtu: zinapoingia kijiji fulani, watu wa kijiji hicho wanazipokea na kuzifuata kwao, na zikiishia kwao wanalipa wao. Lakini hizi ziliingia mtoni na hazikutoka upande wa pili. Mto hauna mwenyewe wa kulipa. Mjomba alikuwa miongoni mwa wafuataji, alirudi na suruali imelowa hadi kiunoni, akaomba uji. Mama Nyangi hakulia siku ile. Alikaa mbele ya zizi lake mikono kwenye mapaja, akifikiri, na mchana akainuka akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa ritongo. Akasema aliyasikia yote kabla hayajatokea. Aliyasikia jikoni kwetu, kwa kinywa cha Matiko.

Nilitaka kucheka nilipoambiwa, lakini mke wa mjomba alikuwa ameshika ukuta. Yeye alijua zaidi yangu. Mtu akitajwa kwenye ritongo na akashindwa kujisafisha, hakuna anayempa moto, hakuna anayeitikia salamu yake, hakuna atakayekuja kumzika. Na kwa wizi wa ng'ombe vijana huwa hawangoji hata hayo. Nyumba inachomwa mwenyewe akiwa ndani. Matiko alikaa kitandani kwake na kitabu magotini hakifungui. Nikamwambia ni jambo rahisi, aende nacho awasomee. "Ndiyo," akasema. "Nitawasomea." Sikupenda alivyolisema.

Ritongo lilikaa asubuhi, kwenye uwanja karibu na mashine ya kusaga, nayo mashine ikazimwa. Wanaume walikaa chini kwa rika zao, wanawake pembeni, wazee waamuzi kwenye viti, mjomba akiwa wa pili kutoka kulia, kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Mimi niliitwa kama shahidi wa jikoni, nikakalishwa nyuma ya Matiko. Mama Nyangi alisimama akasema yake bila kuongeza chumvi: ukungu, alfajiri, kengele kufungwa nguo, mto, kisu. Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na macho ya wengi yakahamia kwa Matiko. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kusema.

"Shikamooni wazee," Matiko alisema. "Hayo maneno niliyasema. Ni ya kitabu hiki."

"Soma basi," mwenyekiti akasema. "Pale pale alipopasikia mama."

Akasoma. Sijawahi kumsikia akisoma vile, wala kabla wala baadaye. Alianza na visiwa vya miwa ili waelewe, akaja kwenye kibuyu, na wale wanaume waliokuja na fimbo wakasogea mbele kidogo kidogo kama watoto. Mmoja akauliza meli ni kubwa kama nini, akaambiwa kama mashine ya kusaga na miti yote inayoizunguka. Nahodha alipomtoroka askari wa mfalme, walishangilia, watu wale wale ambao usiku uliopita walikuwa wanalinda mazizi yao kwa mishale. Nikamtazama mama Nyangi. Yeye peke yake hakushangilia. "Na mwenye meli," aliuliza, "anaitwa nani?" Matiko akasema kitabu hakikusema. "Kingesema," mama Nyangi akasema, akakaa. Hapo ndipo nilipoinama, nikachungulia juu ya bega la Matiko nimtafutie jina hilo mwenyewe, kwa kuwa Kiingereza nilikisoma vizuri kuliko yeye. Ukurasa alioushika ulikuwa wa mwisho kabisa, ule wa kutangaza vitabu vingine. Hapakuwa na nahodha, wala ukungu, wala kengele.

Nikakumbuka vibuyu na ugali, nikajua kwamba hakuwa amesoma hata siku moja, hadithi yote ilitoka kichwani mwake. Na kama ilitoka kichwani mwake, basi mto na ukungu na kisu navyo vilitoka humo humo, na mama Nyangi alikuwa amesikia vizuri. Nilimwona binamu yangu mwizi, amesimama mbele ya aliowaibia akiwaburudisha. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami nikabaki nimekaa mahali pangu.

Akafika kwenye kengele. "Akaagiza kengele ya meli ya mbele ishindiliwe majani," alisema.

"Nguo," mama Nyangi alisema kutoka kule pembeni. "Siku ile ulisema nguo."

"Ni kweli mama, ilikuwa nguo." Hakuinua macho. "Ila mbele kidogo kuna mzee mmoja wa humo melini, anamrekebisha nahodha. Anamwambia nguo inaloa na umande, inateleza. Sokota majani mabichi." Akafungua ukurasa, huo wa mwisho, nyuma yake hakuna kitu. "Sura inayofuata inaeleza huyo mzee ni nani, na meli amezificha wapi. Nimechoka macho, wazee wangu. Mkiniruhusu nitaimalizia kikao kijacho."

Kelele zikazuka. Walitaka imaliziwe pale pale, na waliopiga kelele zaidi ni wale waliokuja na fimbo. Mwenyekiti akaamua kwamba aliyoyasikia mama yamethibitika kuwa ya kitabu, lakini ng'ombe bado hawapo, kwa hiyo Matiko asitoke Busawe mpaka kikao kijacho, na siku hiyo aje na kitabu chake. Nikamtazama mjomba kwa sababu tu kila mtu alikuwa anasimama na yeye amekaa. Kijiti kilikuwa kimesimama mdomoni. Alikuwa anamwangalia mwanawe kama mtu anayepima mto kwa macho kabla ya kuvuka.

Kabla ya kikao hicho, ng'ombe wa mama Nyangi walikutwa wanakula kwenye majani ya mtoni, wote, wamekonda kidogo, dume shingo tupu bila kengele. Aliyewaleta hakuonekana. Kikao kilipokaa hapakuwa na kesi, ila watu walijaa kuliko mara ya kwanza, na mwenyekiti mwenyewe akasema, haya mura, tumalizie. Matiko akasimama, kitabu kimefungwa, akasema yule mzee alizirudisha meli mwenyewe, na jina lake mwandishi hakuliandika. Wengi walilalamika kuwa ni mwisho mbaya. Mama Nyangi akasema ni mzuri, akaenda kukamua.

Jioni ile mjomba hakukaa kizingitini. Alimwita Matiko kula naye kwenye nyumba kubwa, kwenye viti vya wageni, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilipeleka ugali na nyama, nikapiga goti kuwanawisha. Nilimwagia mjomba maji, akasugua mikono polepole, ukucha mmoja mmoja, na mimi nikiwa nimeshika birika baina yao akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Wale ng'ombe walikuwa wanakwenda Manchira."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye beseni mpaka mjomba akanigusa mkono niache.

"Hukuniambia, tata," Matiko alimwambia baba yake mwishoni.

"Ningekwambia ungekataa." Akachukua kitambaa, akajifuta. "Sasa utaoa kwa kitabu."

"Sawa, tata," Matiko akasema, kama mtoto aliyetumwa maji. Wakala. Bhoke aliolewa Issenye baada ya mavuno, kwa ng'ombe ambao hakuna aliyeuliza walikotoka.